Mbeleko

Nimeibeba kompyuta mgongoni kwa mbeleko
ile ile ya sufu niliyombebea Neyser,
mistari myekundu, fundo kifuani,
na ndani ya basi la kutoka Comas
kijana mmoja akanipisha kiti.
Sikukataa. Nilikaa upande upande
nikaipigapiga kwa kiganja, taratibu,
isije ikalia.

Lima, Julai. Wingu limekaa juu ya mapaa
kama kifuniko ambacho mpishi amekisahau.
Si mvua, ni manyunyu, yasiyomlowesha mtu
ila humwingia mifupani.
Shule zinataka nembo kabla ya gwaride,
mia tatu na arobaini, kondori wa uzi wa dhahabu,
na cherehani ya kudarizi inangoja mchoro,
na mchoro unangoja kompyuta,
na kompyuta... nateleka birika,
maji yanachemka, nakunywa chai,
naosha kikombe,
duara bado linazunguka kwenye kioo.

Soli mia nne na kumi.
Nimezihesabu mara tatu
kana kwamba kuhesabiwa kunazifanya zizae.

Neyser alinipa karatasi. Miaka kumi na mitatu, mwandiko wa kuku:
Kadi ya michoro. Feni mbili. Iwe na taa.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo: kama zitatosha.
Maneno mawili hayo
yalinichoma kuliko bei yoyote ya barabara ya Wilson.

Ghorofa ya kwanza kila kibanda kinaniita malkia.
Mmoja ananipa rami kwa bei ya mkate.
Naimulika kwa simu, naangalia pengo lake:
kizazi cha nne.
Ubao mama wangu ni wa kizazi cha tatu, naye,
kama mama mkwe wangu,
hapokei mtoto asiye wa ukoo.
Mwaka jana sikulijua hilo. Nilinunua, nikasukuma, nikasukuma tena,
nikarudi kudai changu
nikakuta kibanda kinauza viatu.

Ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia, Bi Leocadia Tineo,
miwani imefungwa kwa waya wa kipanya.
Alifungua fundo, akafungua kifuniko,
akanyamaza.
Akachukua kibanio cha nyusi, akavuta:
uzi mwekundu, uzi wa buluu, uzi wa dhahabu,
umejisokota kwenye feni,
kazi yangu ya miaka sita, kila nembo imeacha nywele yake.
"Haijazeeka hii," alisema. "Imekabwa."

Kisha bei, bila kuniita malkia.
Diski isiyozunguka, themanini na tano.
Rami mbili za mtumba, hamsini na tano, amezipima mwenyewe usiku.
"Na pawasaplai yako, iguse."
Niligusa. Nikatoa mkono haraka.
"Ukiipachikia kadi yenye taa
utaiona taa mara moja tu."
Mpya, mia na kumi na tano. Kuondoa nyuzi, bure.

Rahisi huvunja upishi, walisema waliotangulia.
Hawakusema ghali huvunja nini.

Zikabaki mia na hamsini na tano.
Na pale rafuni, juu ya gazeti, kadi moja ya mtumba,
feni moja, haina taa, mia na hamsini.
Nikaishika. Nikairudisha.
Nikaishika.
Uzi wa dhahabu umebaki vibunda viwili,
na kondori mia mbili hawajapata mbawa.
Nikaigeuza karatasi ya Neyser, nikaandika bei,
nikaandika: feni moja. Oktoba.
Nikatafuta pa kuandika kama zitatosha,
nikaona amekwisha kuandika yeye.

Usiku nyumbani niliteleka birika kwa mazoea,
nikabonyeza kitufe, nikageuka kutafuta kikombe.
"Mama," aliita Neyser, karatasi mkononi,
"imeshawaka."
Kondori alikuwa kwenye kioo, mzima, na kucha zake.
Tukasimama wawili, hatujui la kufanya na huo muda,
tukilisubiri birika.